Batri mpya ya Kadutu, na muuzaji aliyeniambia nitume bwana yangu

Duka silitaji, ila mwenye kupanda Kadutu, hapa Bukavu, kutafuta vitu vya gari anajua vile batri zinapangwa nje, jua linazipiga toka asubuhi mpaka jioni. Pale njo nilinunua yangu, dola 90, ingali kwenye nailoni, inang'aa kabisa. Hasira bado niko nayo.

RAV4 yangu ni ya zamani na haitoki kila siku. Kanisani, ndoa, kilio, mara mojamoja kule Kavumu nje ya mji, siku zingine napanda moto (pikipiki) kama watu wote juu mafuta ni ghali na barabara za Bukavu mnazijua wenyewe. Gari ya kulala hivyo inamaliza batri haraka juu saa na alarmu zinanyonya hata ukizima, miliampea 50 tu lakini piga hesabu, ni ampea-saa 1.2 kila siku, batri ya ampea-saa 60 inakauka chini ya miezi miwili na gari haijasogea. Kwa hiyo mimi nikiegesha nachomoa waya wa hasi. Kila mara! Hiyo muishike vizuri.

Basi siku ya ndoa ya mtoto wa dada yangu, tumeshavaa, napiga kontakti, demareri (stata) inafanya ta-ta-ta tu. Vijana wa jirani wakasukuma ikashika kwenye mteremko. Garanti haijaisha, nikapanda Kadutu na fakitire (risiti) mkononi. Yule muuzaji hakutoa hata multimeta, kile kipimo cha umeme. Mbele ya wateja wengine ananiambia: "Mama, batri ni nzima, gari yako njo ya mapambo, haitembei. Siku ingine utume bwana yako tuongee naye." Bwana yangu wa nini? Gari ni yangu, pesa ilitoka kwangu! Halafu bila haya ananionyesha batri ya sola, eti niongeze pesa nichukue hiyo, haifi. Batri ya sola ina sahani nene (zile bamba za ndani), ni ya kutoa umeme polepole usiku kucha, demareri inataka ampea nyingi kwa mara moja. Muuzaji wa batri hajui hiyo, ama anajua na anadanganya, sijui kipi kibaya zaidi.

Na ukweli ni huu. Siku ileile ya kununua, papa fundi aliipima kabla ya kuifunga: volti 12.1. Batri iliyojaa na kupumzika inasoma 12.6 ama 12.7, ikifika 12.2 imebaki nusu hivi. Yaani niliuziwa chini ya nusu! Nikampigia muuzaji palepale, akajibu itajaa yenyewe gari ikitembea. Itajaa wapi, toka kwangu Nguba mpaka kanisani na kurudi? Batri ya risasi inajiishia hata bila kuguswa, joto linaharakisha, na ikikaa bila chaji salfati inagandamana kwenye sahani, inakuwa ngumu, haitoki tena. Ilianza kufa pale kwake, kwenye jua lake, mimi hata sijaiona.

Papa fundi hakukata tamaa. Umeme uliporudi usiku akaichaji polepole, ampea 6, madirisha wazi juu ya ile gesi yenye kulipuka, asubuhi akaongeza maji safi ya batri, si ya bomba na si asidi. Ikapumzika, ikasoma 12.5. Hapo moyo ulitulia kidogo, nikawa tayari kuandika kwamba batri yenyewe ni nzuri, mtu njo mbaya. Siku kadhaa nilikuwa naisifia kwa watu. Lakini nikaiacha na waya umechomolewa, sikuigusa, kuja kupima: 12.2. Hapana. Hiyo batri ni mbovu, na hela zangu zirudi.

Msaidizi wa yule muuzaji tu, kijana mwenye heshima, alinifuata mpaka barabarani akasema, "Pole mama, ziko zingine zilifika karibuni, tarehe imepigwa juu, uje tuzipime pamoja." Kwa ajili yake siwezi kuwaambia duka lote ni baya. Nimeshanunua multimeta yangu. Juma hili napanda nayo, namwekea boss wake hiyo batri kwenye meza, halafu napima zote alizopanga nje, moja moja, wateja wake wakiangalia.