TAHADHARI: Kishoka (fundi umeme wa uongo) anayefunga hita za kuogea na za chumbani, Uyole na Mwanjelwa

Ndugu zangu wa Mbeya, na majirani wa Tukuyu, Mafinga na Njombe, baridi imeingia na kuna mtu anapita nyumba kwa nyumba akiifanyia biashara. Wenye wazazi wanaoishi peke yao, tafadhali msome hadi mwisho.

Anajitambulisha kuwa fundi umeme. Ana ovaroli ya buluu, ngazi begani na lugha laini. Huanza kwa kusema "tunakagua wayaringi wa mtaa huu", bila kusema katumwa na nani. Kisha anatoa ofa: shawa ya maji moto bafuni, hita ya chumbani, waya na ufundi, vyote laki tatu na sitini. Kwa mama mkubwa wangu kule Uyole aliingia kwa njia hiyo. Risiti aliyomwachia ni ya mkono, imeandikwa "waya wa milimita 6, breka, ethi". Jina lake silitaji kwa sababu shauri liko polisi.

Siku za mwanzo breka ilikuwa inashuka kila mama akioga huku hita ya chumbani inawaka. Akampigia. Kijana akaja upesi, mnyenyekevu kabisa, akasema breka imechoka, akafunga kubwa zaidi na kulipwa tena. Haikushuka tena, na mama akamshukuru. Hapo ndipo alipomuachia moto ndani ya nyumba.

Kazi ya breka ni kuulinda waya. Ikishuka inakwambia waya umezidiwa au kuna hitilafu mahali. Shawa ile ni ya wati 5,500, na kwa umeme wetu wa volti 230 inavuta karibu ampea 24. Hita ya chumbani ya wati 2,000 inaongeza karibu ampea 9. Vyote viwili aliviunga kwenye waya wa milimita moja na nusu, ule wa taa, ambao kwa kawaida hulindwa na breka ya ampea 6 au 10. Ukiubebesha ampea zaidi ya 30 unapata moto ndani ya paipu, ganda linalainika, na breka ya ampea 63 aliyoiweka haishtuki kabisa. Dari ya mama ni ya mbao.

Fundi mwenye leseni tuliyemwita alikuta viungio vimekuwa vyeusi na tepu imeyeyuka. Alipokwangua waya kwa kisu, ndani ulikuwa mweupe: alumini iliyopakwa shaba juu juu, inayobeba umeme mdogo kuliko shaba halisi ya unene uleule. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaopeleka ardhini umeme unaovuja, ulionekana vizuri ukiingia ukutani, lakini nyuma ya shawa ulikuwa umekatwa. Katika shawa nyingi za aina hii koili huwa ndani ya maji yenyewe, kwa hiyo bila ethi umeme unaovuja unaweza kumfikia anayeoga. Mama alishamlalamikia kwamba akifungua bomba linamrusha vidole. Akamjibu, "Ni baridi hiyo, mama." Jibu hilo bado linaniuma.

Akija mtu kwako, mwombe leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) ya kufunga mifumo ya umeme, uisome jina na daraja, usiridhike na kitambulisho cha shingoni. Shawa ya ukubwa ule inatakiwa laini yake yenyewe kutoka meni swichi, waya wa shaba wa milimita 4 au 6 kulingana na umbali, breka inayoendana na waya huo, ethi inayofika ardhini, na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Kamwe isichomekwe kwenye soketi. Plagi ya ampea 13 mwisho wake ni karibu wati 3,000. Hita ya chumbani nayo isiwekwe kwenye ekstensheni nyembamba za mnadani.

Najua wapo watakaorudi kwenye jiko la mkaa chumbani. Nawasihi msifanye hivyo, gesi yake haina harufu na huua mtu akiwa usingizini.

Kama huyu kijana ameshapita kwako, zima breka ya shawa sasa hivi. Usipoijua, zima meni swichi. Usiifungue mwenyewe, mwite fundi mwenye leseni. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua au swichi ina joto, zima umeme wote utoe watu nje. Ukiona moto piga zimamoto 114, na usiumwagie maji. Waya atakaoutoa fundi usiutupe, utunze pamoja na risiti. Familia kadhaa za Mwanjelwa zimeshanitafuta. Nawe ukiwa na risiti ya mkono kama ile, niandikie faragha twende kutoa maelezo pamoja.