Mashindano ya poka ya Alhamisi: nilitolewa na Q mbili mkononi, lakini ninayemlaumu ni saa ya ukutani

Tuelewane kwanza. Poka ninayoizungumzia si ile ya mtaani ya kupiga kelele "niko kadi". Ni Texas Hold'em: unapewa karata mbili za siri, tano zinafunguliwa mezani, na madau yanapigwa katikati ya hayo yote. Nimeicheza miaka sita, mara moja kwa mwezi, kwa pesa ambayo nikiipoteza duka langu la vipuri pale Kirinyaga Road halishtuki. Alhamisi iliyopita nilikwenda kujaribu kasino moja hapa Nairobi ambayo nilikuwa sijawahi kuingia.

Kiingilio ni 6,000. Elfu tano inaingia kwenye zawadi, elfu moja ni ya wenyewe. Tulikuwa 34, kwa hiyo zawadi ilifika 170,000, ya kugawanywa kwa watano wa mwisho. Kila mtu alipewa chipu 15,000, na ukitoka umetoka, hakuna kununua tena. Mlangoni wanakagua kitambulisho, ukumbi hauna moshi, na wagawaji wanajua kazi: karata zinateleza mezani kama sabuni, na ugomvi wa nani alisema nini unakatwa pale pale. Kuku na chipsi ni 850. Chipsi za kula, nakiri, zilinipa raha kuliko za kuchezea.

Sasa kilio changu. Ujumbe walionitumia ulisema madau ya lazima ambayo wachezaji wawili hutoa kwa zamu kila mkono, yaani blaindi ndogo na blaindi kubwa, yatapanda kila baada ya dakika 20. Nilipoketi nikatazama skrini ukutani, nikaona inahesabu kutoka 15. Nikamwita msimamizi. Akaniambia kwa tabasamu, "Mama, watu wanataka kurudi nyumbani mapema."

Mtu asiyecheza ataona nagombania dakika tano. Lakini kwenye mashindano, uzuri wa karata zako haujulikani mpaka ujue unga uliobaki kwenye debe. Gawanya chipu zako kwa blaindi kubwa, hizo ndizo siku ulizobakiza. Karata zile zile mbili zinachezwa namna moja ukiwa na siku 75, namna nyingine kabisa ukiwa na 11. Mimi yalinikuta yote mawili usiku mmoja.

Raundi ya kwanza, blaindi 100 na 200. Nikafunua pembe za karata: A na K. Kati ya mikono 1,326 inayoweza kukuangukia, 16 tu ndiyo A na K, kwa hiyo moyo ulipiga hodi. Nikapandisha hadi 600. Kijana mmoja mwenye kofia akafuata, wengine wakatupa. Karata tatu za mezani: 9, 9, 4. Hapo ndipo wengi huzama. A na K ni sura nzuri, ila bado hujashika chochote, na karata tatu za kwanza zinakupita bila A wala K karibu mara mbili katika kila tatu. Nikaweka 700 kumpima, akafuata bila kupepesa jicho. Ya nne ikawa 6. Nikagonga meza kuashiria napita, yeye akasukuma 2,000, nami nikatupa. Nimepoteza 1,300, nimebaki na 13,700. Siku 68 bado. Sikuumia hata kidogo, nikaagiza chai.

Huo ndio uhuru unaolipia kiingilio: kupandisha kidogo, kuchungulia, kukosea, na bado kuwa hai.

Ile saa iliendelea kutafuna. Kwa dakika 15, saa mbili na nusu za mchezo zinakufikisha raundi ya 11, blaindi 2,000 na 4,000. Kwa dakika 20 walizotangaza tungekuwa raundi ya 8, blaindi 1,000 na 2,000. Tulikuwa tumebaki sita, wa kulipwa watano. Mimi nina 44,000, yaani siku 11. Kulia kwangu kuna mzee mmoja mpole mwenye 9,000 tu, na mkono unaofuata ndiye anayetoa blaindi kubwa. Akatupa karata, zamu ikawa yangu. Nikachungulia: Q ya kopa, Q ya uru.

Nilifikiri karibu dakika nzima, mpaka mgawaji akanitazama. Kuzitupa nimsubiri mzee afe? Hapana, Q mbili hazitupwi kwa siku 11, hata kama jirani anakata roho. Kupandisha hadi 8,000? Hapo nimetoa karibu moja ya tano ya kila nilicho nacho, na mtu akinisukumia zote siwezi tena kurudi nyuma. Tena nikifuatwa, A au K ikifunguka, nitakaa pale nikijikuna kichwa. Kama ni hivyo, heri mzigo wote uende mapema, mwenye kutaka kufuata aumie kuamua. Nikasukuma zote 44,000.

Watatu wakatupa. Aliyekuwa blaindi kubwa, mwenye chipu nyingi kuliko sote, akafuata. Akafungua A ya shupaza na K ya maua. Hesabu inasema hapo mimi nashinda kama mara 57 katika 100. Karata nne za kwanza zilinipenda. Ya tano ikawa K ya kopa.

Ilikuwa saa nne kasorobo usiku. Nafasi ya sita, sifuri. Mzee wa chipu 9,000 akanipa mkono akasema, "Pole sana, dada yangu," na alimaanisha, maana mimi ndiye nimemwingiza kwenye malipo: 13,600 za nafasi ya tano zilikuwa zake kabla hajagusa karata nyingine.

Mkono ule nitaucheza vile vile kesho. Ila kwa blaindi ya 2,000 nilikuwa na siku 22, ningepandisha hadi 4,500 na kuchungulia bila kuhatarisha nyumba nzima. Ni kweli, kwa saa ya polepole pengine tungebaki wengi zaidi mezani na hadithi ingekuwa nyingine. Lakini nililipia dakika 20.

Nawapa nyota tatu: wagawaji wanastahili tano, msimamizi moja. Ukienda, tazama skrini kabla hujatoa zile 6,000, na ukikuta 15, kula kuku urudi nyumbani. Maegesho ni bure mpaka saa sita.