Ushabti wangu wa Khan el-Khalili, bluu ilibaki kwenye kitambaa

Jamani nilikuwa Cairo kumtembelea mdogo wangu anasoma Azhar, na pale ukivuka barabara tu uko Khan el-Khalili, nikasema siondoki bila ushabti, vile visanamu vya bluu Wamisri wa kale walikuwa wanazikwa navyo. Muuzaji kaanza pauni 900 za Misri, anaapa wallahi ni fayensi orijino, ile kauri ya bluu ya Wamisri wa kale, mdogo wangu kamwaga Kiarabu chake cha mtaani tukakitoa kwa 350. Nikajiona mjanja.

Kufika nyumbani nakifuta vumbi, bluu yote kwenye kitambaa 😂 ubavuni kuna mstari wa kalibu toka kichwani mpaka miguuni, halafu chepesi utadhani kifuniko cha soda. Nikapasha sindano moto nikaigusisha chini, harufu ya plastiki hiyooo.

Kesho yake tukaenda makumbusho ya Misri pale Tahrir ndo nikaona vyenyewe, bluu imekolea, maandishi ya wino mweusi. Fayensi kumbe sio udongo wa mfinyanzi, ni mchanga wa kwazi (quartz) uliosagwa wakachanganya na magadi na chokaa kidogo, shaba ndo inaleta ile rangi, na ikikauka chumvi zinapanda juu zenyewe, ukichoma zinageuka kioo. Kwa hiyo rangi haitoki kwa kitambaa hata baada ya miaka 3000!

Na kazi yao sasa: marehemu akiitwa kulima huko ahera, kisanamu kinaitika "nipo hapa" kinaenda badala yake, ndo maana vingi vimeshika majembe. Farao Tutankhamun alizikwa navyo 413. Baadaye ikawa seti ya 401, vibarua 365 kila mmoja na siku yake, na wanyapara 36 wenye mijeledi, maana inaonekana hata sanamu zinategea.

Nikarudi sokoni duka jingine, mzee kaniambia wazi hii ni kopi lakini fayensi kweli, 600, hapungui. Kizito, cha baridi mkononi, bluu yake imekolea huku imepauka kule. Nimekiosha mara tatu, wala. Nyota 5.

Mtu akikwambia chake kimetoka kaburini kweli ndo ukimbie kabisa, sheria namba 117 ya 1983 hairuhusu mambo ya kale kutoka nchini, utaishia uwanja wa ndege.

Kile cha kwanza nyota 1, mwanangu anakipakia kwenye lori lake.