Dawa za Upara wa Kurithi: Ipi Itangulie kwa Mnunuzi wa Dar es Salaam

Mwanamume ambaye nywele zinarudi nyuma kwenye paji la uso na kupungua utosini asianzie dukani, bali kwa daktari wa ngozi, kwa kuwa mapunye na magonjwa mengine pia hunyonyoa nywele, na hayo hayaponi kwa dawa ninazozipanga hapa.

Ya kwanza ni finasteraidi ya miligramu 1, kidonge kimoja kwa siku. Dawa hii huzuia testosteroni isigeuzwe kuwa homoni inayosinyaza mizizi ya nywele, na hushusha homoni hiyo katika damu kwa takriban asilimia 70. Marekani iliiidhinisha kwa upara mwaka 1997, baada ya kidonge cha miligramu 5 kutangulia mwaka 1992 kwa ajili ya tezi dume. Kwa hiyo soma kipimo kwenye kisanduku kabla ya kulipa. Wanaume wachache hupungukiwa hamu na nguvu za tendo la ndoa, au huingiwa na huzuni nzito, na wapo walioeleza kwamba hali hiyo iliendelea hata baada ya kuacha dawa. Mwulize daktari bila haya, na siku ya kupima tezi dume umkumbushe kwamba unaitumia, maana dawa hii hushusha PSA, protini ya tezi dume inayopimwa katika damu, hadi karibu nusu. Mke mjamzito asiguse kidonge kilichovunjika, kwa sababu kinaweza kudhuru maumbile ya mtoto wa kiume aliye tumboni.

Ya pili ni minoksidili ya maji ya asilimia 5, mililita 1 mara mbili kwa siku juu ya ngozi kavu ya kichwa. Katika joto letu la Januari ipakwe baada ya jasho kukauka. Wiki za mwanzo nywele huweza kudondoka zaidi, na wengi huitupa chupa wakati huo, jambo linalonisikitisha, kwani dawa ndiyo kwanza inaanza kazi. Ukiweza kugharimia zote mbili, kuziunganisha hushinda kutumia moja.

Dutasteraidi ina nguvu zaidi, lakini naiweka ya tatu: hukaa mwilini kwa miezi, hata mtumiaji hukatazwa kuchangia damu hadi miezi 6 ipite tangu aache. Korea Kusini na Japani zimeiruhusu kwa upara. Marekani, kwa tezi dume tu. Minoksidili ya kumeza, iliyoanza kama dawa ya shinikizo la damu, inahitaji daktari anayefuatilia moyo wako.

Nunua kwenye famasi iliyosajiliwa, kwa cheti, kisanduku kikiwa hakijafunguliwa na tarehe ya mwisho ikisomeka. Chupa zisizo na lebo za Kariakoo ziache, na dawa usiyoiamini ipeleke TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa na vifaa tiba. Piga hesabu ya miezi 12, si ya chupa moja, kwa sababu matokeo huanza kuonekana kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na ukiacha dawa nywele ulizookoa huondoka tena.