Mitambo ya sauti ya kukodi kwa hotuba ya Rais: ipi inafikisha neno hadi safu ya mwisho?

Hotuba ya Baraza la Eid hapa Zanzibar ina mambo matatu yasiyokosekana, awe Rais aliyepo au waliomtangulia. Kuna dini: shukrani kwa Mwenyezi Mungu, funga iliyomalizika au ibada ya Hijja, aya na hadithi. Kuna uhalifu: dawa za kulevya, udhalilishaji wa wanawake na watoto, magendo ya karafuu Baraza likija Pemba, na madereva wanaokimbiza vyombo huku watoto wakienda viwanja vya sikukuu. Kisha maendeleo: barabara, maji, skuli, hospitali, uchumi wa buluu, na tarakimu za shilingi zinazofuatana. Dk. Hussein Ali Mwinyi, aliyeingia madarakani Novemba 2020, huyazungumza mengi ya hayo hata misikitini, anaposali Ijumaa sehemu mbalimbali na kuwasalimia waumini baada ya swala.

Mwenye kukodisha mitambo ya sauti kwa hotuba hizo huulizwa swali moja tu, "una wati ngapi?" Swali hilo halimsaidii aliyekaa nyuma chini ya mwembe. Tumeipima huduma hii kwa kipimo kingine: maneno mangapi yanafika safu ya mwisho yakiwa mazima. Hatutaji jina la mkodishaji, kwa sababu vifaa vyenyewe huhama mkono hadi mkono na fundi huyohuyo utamkuta kwa mabosi watatu.

Anza na hesabu ya uwanja. Viti 600 vikipangwa 20 kwa safu vinatoa safu 30. Ukiacha sentimita 90 kati ya safu na safu, na safu ya mbele ikiwa mita 8 kutoka jukwaani, aliye mwisho yuko mita 34 hivi kutoka kwa msemaji. Sauti ikiwa uwanda wazi hupoteza desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) kila umbali unapozidi mara mbili. Spika inayotoa desibeli 110 ukiwa mita moja mbele yake itampa wa safu ya mbele 92, na wa mwisho 79. Tisini na mbili ni kumpigia kelele Mufti na mabalozi waliokaa mbele. Sabini na tisa inatosha nyuma, mradi watu wametulia. Watoto wakianza kulia na bodaboda zikipita barabarani, kelele ya hapo hufika 65 au 70, na maneno yanahitaji kuizidi kwa desibeli 10 hadi 15 ndipo yaeleweke. Jawabu la mafundi wengi ni kupandisha sauti. Jawabu sahihi ni jozi ya pili ya spika katikati ya uwanja, na hapa ndipo huduma nzuri na mbovu zinapoachana.

Jozi hiyo ya katikati lazima icheleweshwe. Kwa joto letu la nyuzi 30, sauti hutembea mita 349 kwa sekunde, lakini umeme ndani ya waya hufika papo hapo. Katika uwanja mrefu zaidi, spika iliyo mita 30 kutoka zile za mbele ikitoa neno bila kucheleweshwa, aliye karibu nayo atasikia neno moja mara mbili, la pili likija baada ya milisekunde 86. Huo ndio mwangwi watu wanaolalamikia kwa kusema "muziki mbaya". Fundi anayejua kazi ataweka milisekunde 86, kisha ataongeza kama 10, ili sikio liamini kuwa sauti inatoka kwa Rais aliye jukwaani, si kwenye nguzo ya pembeni. Muulize mkodishaji wako: miksa yako ina sehemu ya kuchelewesha sauti? Akikuangalia kama umemsemesha Kigiriki, mshukuru na uende kwa mwingine. Miksa nyingi za dijitali zilizopo sasa zinayo. Kinachokosekana ni mtu mwenye futi kamba ya kupimia uwanja.

Sasa vifaa, kimoja baada ya kingine.

Honi, hizi za msikitini, bado ndizo zinazokodishwa sana vijijini, na sisi hatuzidharau. Ni nyepesi, hazijali mvua, zinatumia waya mwembamba wa mfumo wa volti 100, na unaweza kuzifunga kwenye minazi. Amplifaya ya wati 240 inabeba honi 12 zilizowekwa wati 15 kila moja: jumla 180, yaani robo tatu ya uwezo wake, na hiyo ndiyo hesabu salama. Wanaofunga 20 kwenye amplifaya hiyo wanavuka wati 240 bila kujua, nayo hupata joto na kujizima katikati ya risala. Udhaifu wa honi ni kwamba haina sauti nzito, na inachoma masikio kwenye sauti kali za juu, kati ya kilohezi 2 na 4. Msomaji wa Qur'ani mwenye sauti ya juu akipita kwenye honi isiyopunguzwa eneo hilo, watu wa mbele hukunja nyuso. Kwa sehemu ya uhalifu na takwimu, hata hivyo, honi inafanya kazi kuliko spika kubwa za taarabu, kwa kuwa herufi zinazotofautisha maneno zinaishi hukohuko juu.

Spika za stendi, zenye amplifaya ndani, ndizo tunazozipendekeza kwa baraza la watu 300 hadi 800. Nne zinatosha, mbili mbele na mbili katikati. Zinyanyuliwe hadi mdomo wake uwe mita 2.5 kutoka ardhini, juu ya vichwa vya waliokaa, na ziinamishwe kidogo kuelekea theluthi ya nyuma. Tatizo letu kubwa kwa wakodishaji ni kuziweka nyuma ya jukwaa au sambamba na maiki, ndipo maiki inaanza kulia. Sogeza spika mita 2 mbele ya msemaji na nusu ya kazi ya kuzuia ukelele imekwisha. Spika za besi, yale masanduku makubwa ya chini, zibaki ghalani. Hotuba haina haja nazo, na zinaongeza mvumo tu unaofunika maneno.

Spika za safu za kuning'iniza, yaani nyingi zilizofungwa moja chini ya nyingine, ni nzuri mno na hazifai kwa sehemu nyingi hapa. Zinahitaji mnara wa chuma, mpimaji anayejua kupiga pembe, na barabara ya lori. Uwanja wa Gombani au Amaan, sawa. Uwanja wa skuli ya kijijini, unalipia sifa.

Msikitini au kwenye ukumbi wenye vigae na kuba hesabu inageuka kabisa. Sauti inabaki hewani sekunde mbili au tatu baada ya neno kutoka, kwa hiyo kila wati unayoongeza inachafua neno linalofuata. Hapo zinahitajika spika nyingi ndogo za mnara, zile nyembamba na ndefu, kila moja ikihudumia mita 6 au 8 kwa sauti ya chini. Fundi aliyeleta spika mbili kubwa msikitini amekuja kuziharibu aya.

Waya hauangaliwi na mtu. Spika ya omu 8 iliyovutwa mita 50 kwa waya wa milimita 1.5 za mraba inapoteza karibu robo ya nguvu yake njiani. Ukifunga spika mbili pamoja kwenye waya huohuo hasara inafika asilimia 40 hivi. Dai waya wa 2.5 au zaidi. Angalia pia jeki zenyewe. Hewa ya chumvi huku kwetu inazila: zikiwa na ukungu wa kijani, zitakwaruza kila waya ukiguswa, na kitambaa chenye spiriti kingetosha kuzisafisha tangu jana yake.

Maiki. Mimbari ya kiongozi huwekwa maiki mbili za shingo ndefu na watu hudhani zote ziwe wazi. Zikifunguliwa sawasawa, kichwa kikigeuka kidogo sauti inapwaya na kubadilika rangi, kwa sababu neno linafika maiki moja kabla ya nyingine. Moja ifunguliwe, ya pili iwe akiba iliyozimwa, na kidole cha fundi kiwe juu yake muda wote. Umbali ni sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, sifongo la upepo limevishwa, na sauti zote chini ya hezi 100 zimekatwa ili kuondoa ngurumo ya upepo na ya mbao za jukwaa. Maiki isiyo na waya apewe mshereheshaji, asipewe Rais.

Kisha kuna waandishi wa habari. Wasipoandaliwa kisanduku cha kugawia sauti, watarundika simu na vinasa sauti mimbarini mpaka maiki izibwe. Kisanduku chenye matundu 8 hadi 12 kinamaliza ugomvi huo. Lazima kiwe na transfoma ndani ya kila tundu: gari la matangazo la ZBC au kituo kingine likiwa na umeme wake, na miksa ikiwa na umeme mwingine, mvumo wa hezi 50 unaingia hewani na kila aliye nyumbani anausikia, wakati uwanjani hakuna anayejua. Hili ndilo kosa linalotuudhi zaidi, maana wasikilizaji wengi wako redioni. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima. Waliomo uwanjani ni chembe.

Umeme. Pemba inaupata kwa waya wa baharini kutoka Tanga tangu 2010, na Unguja nayo inategemea waya wa chini ya bahari kutoka Bara. Ilikaa gizani miezi mitatu hivi, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Hali sasa si ile, lakini baraza bila jenereta ni kamari. Mitambo ya kilowati 2 inataka jenereta ya kVA 5, iwekwe mita 30 au zaidi upande ambao upepo unaondoka na moshi wake. Miksa iwe kwenye betri ya dharura, kwani miksa ya dijitali ikizimika huchukua muda kuwaka tena, na dakika moja ya ukimya mbele ya Rais ni ndefu sana.

Upepo usisahauliwe. Sauti inayokwenda kinyume cha upepo hupinda kuelekea juu na kuwaruka walio nyuma. Kusi ikivuma, jukwaa likae kusini. Wakati wa kaskazi, likae kaskazini. Kibla chetu ni kaskazini karibu moja kwa moja, kwa hiyo jukwaa la kaskazini lina faida ya pili: ikiingia swala watu hawahitaji kugeuza mikeka. Kitu cha kuepuka ni jukwaa la magharibi, kwani baraza la alasiri litawaweka watu macho kwenye jua. Na usipange hotuba igongane na adhana. Msemaji atanyamaza, ni adabu, ila matangazo ya moja kwa moja yatapoteza mpangilio.

Viti na maturubai havina mengi. Kagua miguu ya viti na kamba za turubai. Turubai lililolegea hupigapiga kwa upepo na kelele yake inaingia kwenye maiki ya jukwaani.

Jaribio la kukubali au kukataa kazi linafanyika asubuhi, kabla ya kusaini chochote cha mwisho. Mtu asome mimbarini maneno 20 yaliyochanganywa, mwingine akae safu ya mwisho na karatasi, jenereta ikiwa inafanya kazi. Weka humo sitini na tisini, milioni na bilioni, na muhimu kuliko yote, "tutawavumilia" na "hatutawavumilia". Ile "ha" ya mwanzo ni nyepesi, na mitambo mibovu huimeza kwanza. Kiongozi aliyetishia wauza unga akasikika anawakaribisha. Yakifika 18 kati ya 20, lipa. Yakifika 15, rekebisha pembe za spika na ucheleweshaji, rudia. Chini ya hapo tatizo haliko kwenye kitufe, liko kwenye vifaa au mahali vilipowekwa.

Kuhusu malipo, wakodishaji wanahesabu kwa siku, na sikukuu inaleta utata wake. Mwezi usipoonekana usiku wa 29, Eid inasogea siku moja, na mitambo iliyofungwa inalala pale. Mkataba useme waziwazi siku hiyo ya ziada inalipwa nusu au hailipwi, na nani analinda vifaa usiku. Kama mzigo unatoka Unguja, uvuke siku tatu kabla: meli za kwenda bandari ya Mkoani, Pemba, hujaa abiria wanaorudi kusherehekea, na spika ndizo zinazoachwa gatini. Dizeli ya jenereta, ulinzi na usafiri viandikwe kando kando, vinginevyo utaambiwa asubuhi ya Eid, wakati huna pa kwenda, kuwa bei uliyokubaliana ilikuwa ya spika peke yake.

Kwa jumla tunaipa huduma hii, kama inavyotolewa sasa visiwani, nyota tatu kati ya tano. Vifaa vipo na vingine ni vizuri. Nyota mbili tumezizuia kwa ajili ya ucheleweshaji wa spika na kisanduku cha waandishi, vitu viwili ambavyo fundi mmoja aliyefunzwa angevimaliza kwa nusu saa, na ambavyo mkodishaji hatavileta kama mteja hakuviandika kwenye oda yake.