EMDR baada ya ile ajali ya Kibarani, uzoefu wangu

Mwaka juzi tuktuk yetu iligongwa na lori pale Kibarani, Mombasa, nami nlikuwa nimempakata mtoto wa dadangu. Mtoto alhamdulillahi hakuumia, mie nlivunjika mkono ukapona, lakini kichwa ndo hakikupona. Ile pshhh ya breki za lori nkiisikia tu, hata niko jikoni nasonga ugali, jasho lanitoka na mikono yatetemeka, na sisi twakaa Changamwe, malori mchana na usiku. Mama akanifanyia kombe, yale maji ya aya za Qurani, nkanywa, nlipata utulivu kweli, ila breki zikilia narudi palepale.

Shoga yangu nesi ndo alonambia kuhusu EMDR, terapi ya kutibu kiwewe kwa kusogeza macho huku na huku, aloianzisha mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro, mwaka 1987, na tangu 2013 Shirika la Afya Duniani laipendekeza kwa wenye kiwewe. Nliogopa manake kaunsela wa kwanza alinihadithisha ajali mwanzo mwisho kila nkienda, narudi nyumbani hoi.

Huyu wa pili, wa EMDR, sesheni mbili za kwanza hakuigusa ajali kabisa, tulitafuta tu mahali pa kutulia akilini, nkachagua pale ufukoni Mama Ngina jioni na ule upepo wa bahari. Ya tatu akanambia nilete ile picha mbaya kushinda zote niipe alama kuanzia 0 hadi 10 vile yaniumiza. Nkasema 9. Na haikuwa lori wala damu, ni kiatu kimoja cha mtoto kimelala kwenye lami. Akainua vidole viwili, kushoto kulia kushoto kulia, nafuata kwa macho kichwa hakisogei, kisha asimama aniuliza, "Sasa waona nini?" Macho yalipochoka akawa anigonga magoti pole pole, huku na huku. Nlilia sana. Halafu kile kiatu kikaanza kwenda mbali nkaona mikono yangu, yaani nlikuwa nshasahau kabisa kuwa sikumwachia yule mtoto, nlimshika mpaka mwisho.

Usiku ule ndoto zilinijia nyingi na siku mbili kichwa kizito, hilo mujiandae. Bei pia si rahisi, na kila sesheni ni saa moja na nusu. Na tafadhalini nendeni kwa aliyeisomea, musijifanyie wenyewe na video za simu.

Sesheni ya saba alama ilikuwa 1. Juzi nlipanda tuktuk na yuyo mtoto tukapita Kibarani, lori likapiga breki ubavuni mwetu, moyo ukanidunda kidogo, nkamshika mkono, yeye aendelea na mabuyu yake.