Mlango wa kioo barazani: bomba kwenye reli au grili?

Nyumba nyingi za Capri Point, Mwanza, zina mlango mpana wa kioo wa kuteleza unaotazama ziwani. Upepo wake mtamu, ila kufuli yake ndogo haimsumbui mwizi mwenye bisibisi.

Njia rahisi ni kulaza kipande cha bomba au mti mgumu kwenye reli ya chini, nyuma ya kioo kinachosogea, kama kinasogea upande wa ndani. Kikatwe kijae bila kuacha nafasi. Hata kufuli ikivunjwa, mlango hausukumiki. Wengi husahau juu: kioo hunyanyuliwa kikachomoka relini. Fundi afunge skrubu mbili au tatu kwenye reli ya juu, vichwa vining'inie kidogo, mlango uteleze lakini usinyanyuke. Bila skrubu hizo, bomba ni kazi nusu.

Grili ya kukunja humzuia hata anayevunja kioo, bomba haliwezi. Ni ghali, na hudai rangi ya kuzuia kutu. Halafu moto ukiwaka usiku, ufunguo uko wapi? Mimi ningeanza na bomba na skrubu leo hii. Grili ikija, ufunguo ukae ndani, mahali watoto wote wanapopajua, mbali na mkono wa aliye nje.